Dikoda ya toni haishiki, au relei zinajiwashia zenyewe: anzia hapa

Hii ni kwa wale mnaojenga ile saketi ya kuwasha pampu au taa za nyumbani kwa redio kol, yaani uko Ngaramtoni unabonyeza namba kwenye redio na kule Kisongo dikoda inaitambua toni ya namba hiyo, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) inalia "ta" pampu inaanza kuzunguka. Ukiijenga ikakubali mara ya kwanza hongera, huna haja ya kusoma zaidi. Wengi haikubali mara ya kwanza, na mtu anaishia kubadilisha aisi (IC) tatu dukani wakati ile ya kwanza ilikuwa nzima kabisa.

Nachukulia umetumia MT8870, ile aisi ya kutambua toni za vitufe, maana ndo ya kawaida, redio ya kupokea imeunganishwa kwenye ingizo lake kupitia tundu la earphone, upande wa pili kuna Arduino (kibodi cha kuandikia programu) au 74HC154 (aisi inayochagua pini moja kwa kila namba), alafu ULN2003 (aisi ya kusukuma relei) na relei. Suala la masafa na leseni ya kutuma ni la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, limalize huko kabla hujapandisha antena, sitaliongelea tena.

Msimamo wangu ni huu: aisi ndo ya kwanza kulaumiwa na ndo ya mwisho kuwa na kosa. Matatizo karibu yote yako kwenye sauti inayoingia au kwenye umeme unaolisha relei, kwa hiyo usianze kung'oa kitu, fuata sauti inavyosafiri toka redioni mpaka relei uone inapotelea wapi.

Mashahidi wawili kabla ya yote

MT8870 ina pini mbili zitakazokuambia ukweli. Pini 16 inaitwa ESt, hiyo inapanda juu pale pale aisi inapohisi kuna jozi ya toni. Pini 15 inaitwa StD, hiyo inapanda baadaye kidogo, aisi ikisharidhika kwamba toni imekaa muda wa kutosha na ni namba kweli. Wekea kila moja LED yake, ila usiunge LED moja kwa moja kwenye pini, hasa ESt, kwa sababu hiyo pini ndo inayoendesha ile rizista na kapasita ya muda na ukiivuta sana unaharibu kipimo chenyewe. Tumia transista ndogo kama BC547, rizista ya 47k kwenye besi, LED na 1k kwenye kolekta. Vitu vya bei ya soda, na vitakuokolea siku nzima.

Sasa chukua simu, fungua sehemu ya kupigia, hakikisha sauti za vitufe umeziwasha. Toa sauti kwa waya wa earphone, ipitishe kwenye kapasita ya 100nF na rizista ya 100k mpaka ingizo la aisi, bonyeza namba. Redio iache pembeni kwanza. StD ikiwaka kila unapobonyeza basi dikoda ni nzima na ugomvi wako uko kwenye redio, isipowaka basi kosa liko upande wa dikoda, redio usiiguse kwanza. Hiki kipimo kimoja kinakata tatizo nusu, na ajabu ni kwamba watu wengi hawakifanyi.

Kimya kabisa hata kwa simu

Pima umeme kati ya pini 18 na pini 9, uwe 5V. Pima pini 4, hiyo ni VRef, volti ya rejea ya aisi, inatakiwa isome kama nusu ya hapo, 2.5V hivi. Pini 5 na 6 ziende graundi. Ndani ya aisi zinajivuta chini zenyewe, lakini mimi huwa naziunga hata hivyo maana pini 6 ikipanda juu aisi inalala na pini 5 ikipanda juu inakataa kusoma A, B, C na D. Pini 10, TOE, iende 5V. Hiyo ya pini 10 ina ujanja wake: ikiwa chini, StD itawaka vizuri tu kila ukibonyeza lakini zile pini nne za data, 11 mpaka 14, zinakuwa zinaelea, unasoma takataka na unadhani programu yako ndo mbovu.

Kama hayo yote yako sawa, angalia kristali, kile kijibati kinachoipa aisi mapigo ya kuhesabia. Hapa ndo nataka tukae kidogo.

MT8870 inataka kristali ya 3.579545 MHz. Hiyo namba imetoka kwenye televisheni za rangi za mfumo wa Marekani, NTSC, na ndo maana zilikuwa nyingi na rahisi. Sasa sisi huku TV zetu za zamani ni PAL, na kristali ya rangi ya PAL ni 4.433619 MHz. Fundi anakumbuka kusikia "kristali ya TV inafaa", anafungua lile li-TV la mgongo lililolala stoo, anang'oa kijibati cha kwanza anachokiona, anakilehemu. Saketi inawaka, VRef iko sawa, kristali inacheza, kila kitu kinaonekana kizima, na haishiki toni hata moja milele. Sababu ni kwamba aisi inahesabu kila kitu kwa kristali, na hiyo ya PAL ina kasi zaidi kwa karibu asilimia 24, kwa hiyo badala ya kusubiri 697 Hz inasubiri kama 863. Wakati aisi inaruhusu toni ipotoke kwa asilimia 1.5 tu hivi. Haiwezi kukubali hata ukeshe.

Soma maandishi juu ya kibati. 3.579 au 3.58 ndo yenyewe, 4.43 itupe kule. TV zile zinazokubali mifumo yote mara nyingi zilikuwa na zote mbili, na simu za mezani za kubonyeza nazo zinakuwa na hiyo ya 3.58, kwa hiyo simu mbovu ya ofisini ni spea nzuri kuliko TV. Kama kristali ni sahihi, pima pini 8 kwa DC: ikisoma katikati katikati kuna matumaini inacheza, ikisoma 0 au 5 kamili imekufa au lehemu haijashika. Kama unajaribia kwenye bredibodi, sogeza kristali karibu kabisa na aisi, vile viwaya virefu vinaisumbua.

Kwa simu inakubali, kwa redio inagoma

Hapa kosa ni kiwango cha sauti, na kinyume na wengi wanavyofikiri, mara nyingi sauti ni KUBWA mno, sio ndogo. Aisi inasoma toni kuanzia kama milivolti 27 mpaka 870 hivi, ikiwa imeungwa kawaida na 100k mbili. Sasa redio yenye spika ya nusu wati kwenye 8 ohm, ukifungua volyumu yote inatoa kama volti 2. Ni zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa, sauti inakatwa vichwa, zile toni mbili zinachanganyikana zinazaa toni nyingine ambazo hazipo kwenye orodha, na aisi inakataa. Mtu anaona haishiki anaongeza volyumu, inazidi kukataa, anaongeza tena.

Shusha volyumu mpaka chini kabisa alafu panda taratibu huku mwenzio anashikilia namba 5 kwenye redio nyingine. StD ikiwaka endelea kupanda mpaka izime, alafu rudi katikati ya hizo sehemu mbili, weka alama kwa rangi ya kucha na mtu asiguse tena hicho kitufe. Au tuliza kwa rizista: badilisha ile 100k ya kuingilia weka 470k, ile ya kati ya pini 2 na 3 iache 100k, sauti inashuka mpaka kama moja ya tano. Mita za bei rahisi za AC zimetengenezwa kwa umeme wa 50 Hz, kwenye toni za 1000 na kitu zinasoma kwa kubahatisha, usigombane nazo.

Kitu cha pili: baadhi ya redio spika haina graundi, yaani waya zote mbili zinaendeshwa na amplifaya. Ukichukua mmoja ukaunga graundi ya saketi yako wakati redio na dikoda vinakula umeme kwenye chanzo kimoja, unaweza kuua amplifaya ya redio. Pima kwa mita kama kuna waya wa spika unaolia "tii" na minasi ya betri. Hamna unaolia? Weka transfoma ndogo ya sauti ya 600 kwa 600 katikati, hata ya kwenye modemu ya zamani inafaa.

Namba nyingine zinashika, nyingine hazishiki

Hii naipenda kwa sababu namba zinazogoma zinakuonyesha kosa. Kila kitufe ni toni mbili, mstari wa kulala una toni ya chini (697, 770, 852, 941) na safu ya kusimama ina toni ya juu (1209, 1336, 1477, na 1633 kwa A B C D). Andika kwenye karatasi zipi zinagoma.

Zikigoma 3, 6, 9 na # toni za juu zimedhoofika. Angalia kama kuna kapasita umeiweka sambamba na ile rizista kati ya pini 2 na 3 "kupunguza kelele". Ya 100pF, iliyoandikwa 101, haina shida. Iliyoandikwa 103 ni 10nF, na hiyo inaanza kukata sauti toka 159 Hz, yaani inazikandamiza toni zote lakini za juu zaidi. Zikigoma 1, 2, 3 toni za chini ndo hazifiki, na hapo mtuhumiwa ni kapasita ya kuingilia: badala ya 104 (100nF) kuna 102 (1nF), herufi zenyewe zimefutika nusu na duka lina mwanga hafifu. Tatizo la namna hii linatokea pia kwa aliyechukua sauti ndani ya redio moja kwa moja toka kwenye ditekta ya FM kabla haijapitia sehemu ya kushusha sauti za juu, maana redio ya kutuma huwa inazipandisha makusudi. Chukua kwenye spika, achana na ujuzi mwingi.

Alafu kama tatizo ni kwamba 0 inawasha relei isiyo yake: kwenye MT8870 kitufe cha 0 kinatoa 1010, yaani kumi, * ni kumi na moja na # ni kumi na mbili. 0000 ni ya herufi D. Sio ugonjwa, ndivyo ilivyotengenezwa, rekebisha programu.

Namba ya kwanza inaliwa

Unatuma #42 inafika 42, au 2 peke yake. Redio ya kupokea inasinzia ili kutunza betri, inaamka mara chache kuchungulia, mpaka iamke namba yako ya kwanza ishapita. Ingia kwenye menyu, uizime SAVE. Zima na ile ya kusikiliza chaneli mbili kwa zamu, kwenye Baofeng UV-5R inaitwa TDR. Kama umeweka CTCSS, ile toni ya chini inayofungua sauti ya redio ya kupokea, nayo inachukua muda kidogo kutambua toni yake kabla haijafungua sauti. Kwa hiyo anayetuma ashike kitufe cha kuongelea, atulie kidogo, ndo abonyeze namba. Wazee hawapendi kuambiwa hivyo lakini hamna njia nyingine.

Kubonyeza mara moja inahesabu mbili, au mara mbili inahesabu moja

Haya ni mawili tofauti. Ukibonyeza 5 mara mbili na ya pili haijibu, programu yako inasubiri pini za data zibadilike, na hazitabadilika kwa sababu aisi inaishikilia namba ya mwisho mpaka ije nyingine. Usizitazame hizo, subiri StD ipande ndo usome. Kwa watu wa Arduino, weka StD kwenye pini ya interrupti, futa zile delay.

Ukibonyeza mara moja ikasoma mbili, angalia LED ya ESt. Ikiwa inapepesa wakati umeshikilia kitufe, mawimbi yanakatikakatika njiani. Huku kwetu hii ipo sana, miteremko ya Meru imekatwakatwa na mabonde ya mito, nyumba mbili zinaweza kuwa jirani kwa macho ya ramani kumbe kati yao kuna kilima kimekaa. Pandisha antena juu ya paa kwanza. Ikishindikana ongeza ile rizista ya pini 17 kwenda 16: kwa 300k na 100nF aisi inasubiri milisekunde 20 hivi kukubali toni na karibu hizo hizo kukubali kwamba imeisha. Weka 680k, muda unakuwa zaidi ya mara mbili, vimikatiko vidogo vinamezwa. Gharama yake ni kwamba vitufe vibonyezwe kwa kushikilia, sio kudonoa.

Inajiwashia yenyewe

Sauti ya mtu, hasa ya juu au miluzi, kuna wakati inafanana na jozi ya toni kwa muda mfupi na aisi inadanganyika. Chaneli ikiwa na watu wanaopiga stori, mapema au baadaye mtu atasema kitu na taa yako ya nje itawaka. Dawa ya kwanza ni hiyo hiyo 680k. Ya pili ni CTCSS kwenye redio zote mbili, mfano 88.5 Hz, ili redio ya kupokea isifungue sauti kwa mgeni. Ya tatu, ambayo mimi siiachi, ni kutokubali namba moja peke yake: lazima ije #, alafu namba mbili, ndani ya sekunde tano, vinginevyo programu inasahau yote inaanza upya. Na ukumbuke CTCSS sio kufuli, yeyote mwenye redio anaweza kuiweka, kwa hiyo geti usiliamini kwa namba mbili.

Kama inajiwashia pale tu wewe ukituma ukiwa karibu na boksi, hayo ni mawimbi ya redio yanaingia kwenye waya zako. 100nF karibu kabisa na pini 18, waya wa sauti uwe wenye ngao, boksi la chuma lililoungwa graundi, na antena iwe mbali na bodi.

Dikoda safi, relei ndo kichaa

Relei inabaki imewaka hata ukiachia kitufe: ni ile tabia ya aisi kushikilia namba ya mwisho, na 74HC154 muda wote ina pini moja iliyo chini. Ifunge kwa StD kupitia pini 18 na 19, ila geuza kwanza na transista, maana StD inapanda juu kukiwa na toni wakati hizo pini zinataka chini ndo zifungue.

Relei zote zinawaka umeme ukirudi: zile bodi za relei za kichina nyingi zinawashwa na 0V, na Arduino ikiwa inaamka pini zake bado hazijaamua. Kwenye programu andika HIGH kwanza ndo uitangaze pini kuwa ya kutolea, na weka rizista ya 10k toka pini kwenda 5V. Kama umetumia flipuflopu (saketi inayokumbuka imewashwa au imezimwa) kama CD4013 badala ya Arduino, TANESCO wakikata na kurudisha inaamka upande wowote inaotaka, iwekee kapasita na rizista ya kuiriseti. Pampu kuwaka yenyewe usiku wa manane wakati kisima kimekauka sio jambo la kucheka.

Inajiriseti kila relei ikivuta: hesabu ampia. Relei ndogo ya bluu ya 5V inakula karibu miliampia 71, nne zikivuta pamoja ni 284. Kama unatumia 7805, ile regyuleta ya 5V, toka betri ya sola ya 12V, volti 7 zinageuka joto, hapo ni wati 2, bila hitisinki (bati la kupozea) inajizima. Kigeuzi cha LM2596 ni kizuri zaidi lakini kina kelele ambayo redio inaisikia, kiweke mbali na redio na uwekee kapasita kubwa ya 470uF kwenye kutoka. Kama hutumii ULN2003, kila koili iwe na dayodi 1N4007 mgongoni.

Na pampu usiiunge kwenye hiyo relei ya bluu. Imeandikwa 10A na mtu anaona pampu ya hospawa moja inakula 5 au 6 ikizunguka, anasema inatosha. Wakati wa kuwaka mota inavuta mara kadhaa ya hapo, kontakti zinaungua, siku moja zinagandana na pampu haizimi hata dikoda ikisema zima. Relei iendeshe kontakta (swichi kubwa ya mota), kontakta iendeshe pampu, na sambamba na koili ya kontakta weka 100 ohm na kapasita ya 100nF ya alama X2 ili cheche isirudi kuisumbua aisi. Upande huo ni 230V, zima sakiti breka na upime kwa testa kabla mkono haujaingia.

Kwa aliyetumia LM567 badala ya MT8870

Hii inashika toni moja tu, na masafa yake unayapanga kwa rizista na kapasita, yaani 1 gawanya kwa (1.1 mara R mara C), mfano 10k na 100nF inakaa 909 Hz hivi. Ugonjwa wake mkubwa ni kwamba asubuhi ya Julai inakubali na saa nane mchana chini ya mabati inakataa, au kinyume. Kapasita za seramiki za kawaida zinabadilika na joto. Weka ya poliesta kwenye pini 6, na potenshiometa ndogo ya mizunguko mingi badala ya ile ya mzunguko mmoja. Ingizo lake lisizidi milivolti 200, na pini 8 haitoi umeme, inavuta chini tu, kwa hiyo usiipime bila kuiwekea rizista kwenda plasi, utakesha ukisubiri volti ambazo hazipo.